Sauti Katika Simu ya Mkunga

Kila siku ya shule, ilipofika saa tisa na nusu alasiri, Kidole alifungua mlango wa nyumbani kwao, akavua viatu, akamwamkia bibi yake, akanawa mikono, kisha akaenda kukaa kando ya simu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mama yake alikuwa mkunga, na zahanati alikofanyia kazi haikuwa na simu, kwa hiyo wajawazito walipewa namba ya nyumbani. Asubuhi bibi ndiye aliyepokea. Hakujua kuandika, lakini kichwa chake kilishika maneno kuliko daftari. Alasiri ilikuwa zamu ya Kidole. Aliandika nani kapiga, anakaa wapi na ana shida gani, na mama akirudi jioni alisoma daftari kabla hata ya kuweka mkoba chini. Simu za mkononi wakati huo zilikuwa habari za kusikia tu. Mtu mwenye shida alitegemea simu ya mezani, yake au ya jirani.

Kidole lilikuwa jina la utani. Bibi ndiye aliyempa alipokuwa mdogo, kwa sababu hakupita kitu chenye kitufe bila kukibonyeza. “Kidole kimoja hakivunji chawa,” bibi alipenda kusema, “lakini hiki chetu kimevunja redio, saa ya ukutani na mizani ya mama yake.” Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kidole chenyewe kilikuwa bado kinamwasha.

Mwaka ule nyumba yao ilikuwa imepoa. Babu, ambaye maisha yake yote alikuwa karani wa ghala, alifariki miezi sita nyuma. Kiti chake kilibaki sebuleni, karibu na dirisha, na hakuna aliyekikalia. Bibi alizungumza kidogo na kula kidogo. Alasiri nyingine Kidole alimsikia akinong’ona chumbani peke yake, akisita katikati kama anayesubiri kujibiwa.

Ndipo ikaja simu mpya. Ile ya zamani, yenye kisahani cha kuzungusha, ilikuwa imechakaa. Hii mpya ilikuwa na vitufe, na ilikuja na kijitabu chembamba cha maelezo. Mama alimwonyesha Kidole namna ya kupiga, kupokea na kurudisha mkono wa simu mahali pake, akamwambia kwamba vitu vingine vyote aachane navyo. Simu hiyo, alisema, ilikuwa mlango wa wagonjwa wake, na mlango wa mgonjwa hauchezewi.

Jumamosi moja mama aliitwa kazini ghafla. Bibi alikuwa uani akianua nguo. Kidole alikaa akiitazama simu, kisha akakivuta kijitabu.

Alijaribu kipaza sauti. Alijaribu kitufe cha kurudia namba ya mwisho, akakata upesi kabla mtu hajapokea. Akafika ukurasa ulioandikwa “Kuhamisha Simu”. Maelezo ya juu yalikuwa marefu, akayaruka. Chini yake palikuwa na hatua za kufuata: bonyeza nyota, mbili, moja, nyota, weka namba, malizia kwa alama ya reli. Hakuwa na namba yoyote ya kuweka. Akaanza na tarakimu mbili zilizoanza namba zote za mji ule, akamalizia na zilizomjia kichwani. Akabonyeza alama ya reli.

Sauti ya mwanamke ikasema sikioni mwake, taratibu, bila furaha wala hasira, “Ombi lako limekubaliwa.”

Kidole aliurudisha mkono wa simu mahali pake kama aliyeshika chungu cha moto. Hakujua alikuwa ameomba nini. Alikaa kidogo akisikiliza. Nyumba ilikuwa kimya, na nje bibi alikuwa akikung’uta shuka. Akajiambia kwamba hakuna kilichotokea, akakificha kijitabu chini ya kitambaa cha meza.

Jumapili simu haikulia, na hakuna aliyejali. Lakini Jumatatu alasiri, Kidole alipokuwa akifanya hesabu za shule, simu ilitoa mlio mmoja. Haukuwa mlio kamili. Ilisema “kri,” nusu ya kengele, ikanyamaza.

Akaunyanyua mkono wa simu. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mlio wa laini tu, na wenyewe haukuwa mlio aliouzoea, ule mrefu ulionyooka. Huu ulikatikakatika, du-du-du-du, kama moyo wa mtu aliyekimbia. Akaurudisha. Baada ya robo saa simu ikasema tena “kri.” Kisha tena. Kila alipoiwahi, hapakuwa na mtu. Mara ya nne aliiwekea mkono kabisa, akasubiri, akausikia mlio huo ukitetemeka chini ya kiganja chake, kisha kimya. Ilikuwa kama mtu anabisha hodi, na kabla hujafungua, mtu mwingine ameshamfungulia mlango usiouona.

Bibi alikuwa ameketi akitazama. “Simu hii ina kwikwi,” alisema polepole. “Tangu asubuhi.”

Jioni mama hakukuta hata mstari mmoja katika daftari. Alishangaa, kwa maana Jumatatu ndiyo siku ya simu nyingi. Akaanza kuichunguza kwa utaratibu, kama alivyochunguza wagonjwa. Aliuchomoa waya kwenye tundu la ukutani, akaupangusa, akauchomeka tena. Aliubadilisha na waya wa simu ya zamani. Aliibadilisha simu yenyewe, akaichomeka ile ya kisahani; nayo ikatoa mlio uleule wa kukatikakatika. Akampigia mwenzake mmoja wa kazini, simu ikaenda vizuri, wakaongea. Kwa hiyo simu zilikuwa zinatoka ila haziingii. Hapo akamgeukia Kidole.

“Kuna mtu aliyebonyeza kitu kwenye hii simu?”

Alimuuliza kwa upole, bila kukunja uso. Kidole alijua kwamba kama angesema wakati ule, angekaripiwa kidogo na mambo yangekwisha. Lakini uongo ulikuwa karibu na mdomo kuliko ukweli.

“Sijagusa, mama.”

Mama alimwamini, na hilo lilimchoma Kidole kuliko kofi. Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, mama alipita kwenye ofisi ya simu. Waliandika malalamiko yake, wakamwambia mafundi ni wachache na fundi angefika Ijumaa.

Jumanne alasiri, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, alikuja akiwa na maneno machache. Dukani kwake alikuwa na simu. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Alimuuliza bibi kama wana mgeni mwanamume.

Bibi akamjibu kwamba hawana.

Fundi cherehani akasema asubuhi alipiga simu kumwuliza mama Kidole habari ya gauni lake. Akapokea mzee. Si kijana, mzee, mwenye sauti nzito inayokwenda taratibu. Alidhani amekosea, akakata, akapiga tena, tarakimu moja moja. Akapokea mzee yuleyule. Akamwambia, “Mkunga hayupo hapa. Sema taratibu, naandika.”

Kidole aliona mikono ya bibi ikiacha kukunja nguo.

“Amesema anaandika?” bibi aliuliza.

“Ndivyo alivyosema, mama. Naandika.”

Katika nyumba ile alikuwapo mtu mmoja tu aliyekuwa akiandika kila kitu: idadi ya magunia, siku za mvua, nani kaja na nani kaondoka. Bibi alivaa viatu, akamshika Kidole mkono, akafunga mlango kwa ufunguo.

Dukani kwa fundi cherehani kulikuwa na giza la vitambaa vilivyoning’inizwa. Macho ya bibi yalikuwa hafifu, kwa hiyo Kidole ndiye aliyebonyeza namba, namba ya nyumbani kwao wenyewe. Ikaanza kuita. Kidole aliiona akilini ikilia sebuleni kwao, juu ya kitambaa cha meza, karibu na kiti cha babu, katika nyumba waliyoifunga dakika tatu zilizopita na isiyokuwa na mtu. Ikaita mara moja, mara mbili, mara tatu.

Kisha mtu akapokea.

Kidole akamsogezea bibi mkono wa simu, naye bado akasikia kila neno, kwa jinsi duka lilivyokuwa kimya.

“Mkunga hayupo hapa,” sauti ilisema. “Sema taratibu, naandika.”

Bibi hakusema. Alishika simu kwa mikono miwili, amefumba macho, akipumua. Upande wa pili nako kulikuwa na kimya, na ndani ya kimya kile karatasi ilikuwa ikifunuliwa.

“Nakusikia unapumua,” sauti ilisema. “Ukiwa tayari, nipo.”

Bibi alirudisha mkono wa simu polepole, kama anayemlaza mtoto. Njiani alimwambia Kidole kwamba mama yake asielezwe, maana angesema bibi anazeeka. Fundi cherehani aliombwa vivyo hivyo, naye alikuwa na hofu ya kutosha kufunga mdomo.

Siku ya Jumatano bibi alichana nywele, akavaa gauni lake la kutokea. Alikula ugali wote uliokuwa mbele yake. Alasiri wakaenda tena dukani, Kidole akabonyeza, sauti ikapokea, bibi akasikiliza na kupumua. Safari hii alisema neno moja, dogo sana: “Upo?”

“Nipo,” sauti ilijibu.

Usiku ule mama alimsifu bibi kwa kula vizuri. Bibi akatabasamu akitazama simu. Wao walipokuwa jikoni, Kidole alikichomoa kijitabu chini ya kitambaa, akasoma ule ukurasa wa “Kuhamisha Simu”, na sasa alisoma maelezo yote ya juu.

Yalikuwa wazi kama maji. Huduma hii hupeleka simu zote zinazoingia kwenye namba nyingine unayoichagua. Simu yako yenyewe inaweza kutoa mlio mfupi mara moja kukujulisha kwamba simu imehamishwa. Ukiinua mkono wa simu utasikia mlio wa kukatikakatika, kukukumbusha kwamba huduma bado inafanya kazi. Kuiondoa, bonyeza alama ya reli, mbili, moja, alama ya reli.

Basi hapakuwa na mzimu. Palikuwa na mtu mahali fulani mjini, mzee asiyejulikana, ambaye Kidole alikuwa amemkabidhi wagonjwa wote wa mama yake. Na palikuwa na bibi aliyevaa gauni la kutokea.

Alifikiri kuiondoa huduma kimyakimya. Nani angejua? Lakini bibi alikuwa ameuvuta mkeka wake hadi kando ya meza ya simu, akalala hapo, na Alhamisi alishinda papo hapo. Kidole alipoinyooshea simu mkono, bibi alimzuia. “Iache,” alisema. “Usije ukaiharibu.” Kidole akarudisha mkono. Ukweli, ulipokuwa wa Jumatatu, ulikuwa mwepesi. Kila siku iliyopita ilikuwa imeuongezea jiwe.

Jioni ile mama alirudi mapema, amechoka, akakaa kitandani akijikanda miguu. Alimweleza bibi, aliyemfuata chumbani, habari ya mgonjwa wake mmoja, mwanamke kijana anayekaa ng’ambo ya kiwanda cha matofali. Mimba yake ya kwanza, presha inapanda, miguu imevimba. Mumewe ni dereva wa lori na alikuwa safarini. Mama alikuwa amemwagiza apumzike kitandani, na akipatwa na maumivu makali ya kichwa, au macho yakianza kuona vimulimuli, apige simu palepale na kumsubiri, kwa sababu hizo ni dalili za kifafa cha mimba, na kifafa cha mimba huua wawili kwa mara moja.

“Nilikuwa na wasiwasi naye wiki hii,” mama alisema, akijinyoosha. “Lakini hajapiga. Kimya chake ni habari njema.”

Kidole alikuwa amesimama mlangoni. Kutoka sebuleni simu ilisema “kri.”

Alijua kimya kile si habari njema. Alijua ni yeye peke yake katika nyumba nzima aliyejua. Aliona uso wa bibi, akamwona mama akivua saa yake mkononi tayari kulala kidogo. Maneno yakatoka kabla hajayapanga.

“Mama, amepiga. Anapiga ila haifiki kwetu. Ni mimi. Nilihamisha simu Jumamosi, ikaenda kwa mtu nisiyemjua. Yule mzee si babu, bibi. Ni mtu tu.”

Mama hakupiga kelele. Alivaa saa tena, akasimama, akauliza namba gani aliyoweka. Kidole hakuikumbuka. Mama akanyoosha mkono apokee kijitabu, aiondoe huduma, na hapo Kidole, machozi yakimtiririka, akamwambia asiiondoe kwanza. Wakiiondoa hawatampata yule mzee, na yeye ndiye mwenye majina yote. Inabidi waende dukani, wapige namba yao wenyewe.

Mama alimtazama kwa nukta moja. “Kimbia mbele,” alisema.

Fundi cherehani alikuwa akifunga duka. Mama alibonyeza namba, na sauti ilipopokea hakuingoja imalize. Alijitaja kwamba yeye ndiye mkunga. Upande wa pili mtu alivuta pumzi ndefu.

“Alhamdulillahi,” alisema mzee. “Siku ya nne nakutafuta, mwanangu.”

Alikuwa mlinzi mstaafu anayeishi peke yake upande wa pili wa mji. Simu yake ilikuwa hailii hata mara moja kwa wiki, kisha Jumatatu ikaanza kulia, wanawake wakimwulizia mkunga. Mwanzoni aliwaambia wamekosea namba. Wakakata, wakapiga tena, wakamkuta yeye tena. Aliiomba namba waliyokuwa wakipiga, akaipiga mwenyewe, lakini kila alipojaribu alikuta laini inatumika. Hakujua kwamba ilikuwa inamrudia yeye mwenyewe. Basi akafanya alivyozoea katika miaka thelathini ya ulinzi: akachukua kitabu cha matukio, akaandika kila simu, tarehe na saa yake. Akamsomea mama mistari kumi na minane. Mstari wa kumi na saba ulisema: Alhamisi, saa nane na dakika arobaini mchana, mwanamke, nyuma ya kiwanda cha matofali, kichwa kinapasuka, anaona nyota mchana. Nimemwambia aende hospitali. Amesema mkunga alimwagiza asubiri sauti yake.

Mama aliweka simu, akatoka mbio. Mume wa fundi cherehani alikuwa na pikapu ya kubebea vitambaa, wakaondoka nayo. Kidole alibaki amesimama barabarani akitazama vumbi, na hakuna aliyemwambia akae wapi.

Alirudi nyumbani. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, amevaa lile gauni. Kidole akabonyeza alama ya reli, mbili, moja, alama ya reli. Sauti baridi ya mwanamke ikasema huduma imeondolewa. Akausikiliza mlio wa laini. Ulikuwa mrefu, umenyooka.

“Ulijua tangu lini kwamba si yeye?” bibi aliuliza.

“Tangu jana, bibi.”

“Na ukaniona bado nimevaa gauni la kutokea.” Bibi aliinuka. Aliingia chumbani, akafunga mlango, na safari hii Kidole hakumsikia akinong’ona.

Mama alirudi alfajiri. Walimkuta yule mwanamke sakafuni, ameanza kukakamaa. Walimfikisha hospitali, daktari akamfanyia upasuaji, na mzazi na mtoto wote walikuwa hai. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo sana, amewekwa kwenye kitanda cha joto. Daktari alikuwa amesema kwamba wangechelewa saa moja zaidi, wangezika.

Ijumaa fundi wa simu alifika na ngazi yake begani, akakuta ugonjwa umeshapona. Alicheka, akasema kwamba ofisini kwao kazi nyingi huwa hivyo. Akamfundisha Kidole kuwa simu ikisumbua, sikiliza kwanza mlio wake. Hakuna mlio kabisa, tazama waya na tundu la ukutani. Mlio una mikwaruzo, huenda maji yameingia kwenye nyaya. Mlio unakatikakatika, kuna huduma mtu ameiwasha. “Simu haifichi,” alisema akikunja karatasi zake. “Wanaoficha ni watu.” Hakujua alichosema kilimfikia nani.

Alasiri ileile akabisha hodi mzee mfupi, mwembamba, mwenye fimbo na kitabu kikubwa chini ya kwapa. Kidole alipofungua, mzee akasalimia, na kwa ile sauti tu, nzito, inayokwenda taratibu, Kidole alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameulizia nyumba ya mkunga mpaka akafika, ameleta kitabu, maana zilikuwamo simu nyingine za watu wanaohitaji kutembelewa.

Bibi alitoka chumbani. Alisimama akimsikiliza akieleza, amefumba macho kama dukani. Kisha akayafumbua, akamtazama vizuri, kuanzia kofia hadi viatu.

Mzee naye akamtazama. “Ni wewe uliyekuwa ukipumua?” aliuliza.

“Ni mimi,” bibi alijibu. “Nilikuwa nimekosea mtu.”

Mzee aliinamisha kichwa. Alisema kwamba nyumbani kwake pia alibaki peke yake, mkewe alitangulia miaka minne iliyopita, na kwamba yeye humwelewa mtu anayepumua bila kusema. Ndiyo maana hakumkatia simu. Bibi akamkaribisha akae. Viti vingine vilikuwa vimejaa nguo, basi akamwonyesha kile cha dirishani. Alisita kidogo, kisha akasema, “Kaa tu. Ni kiti.”

Siku ya Jumamosi mama alimwambia Kidole ajiandae, wanakwenda hospitali. Kidole aliomba abaki. Mama akamjibu kwamba aliyeumizwa ni mwenye haki ya kuambiwa, na aliyeumiza ndiye wa kumwambia.

Wodi ilinukia dawa ya kusafishia sakafu. Yule mwanamke alikuwa amelala kitanda cha mwisho, uso bado umevimba, midomo imepasuka. Kidole alishika chuma cha kitanda, akaeleza yote, tangu kijitabu hadi Jumatatu alipoulizwa akasema hakugusa. Hakujitetea. Alipomaliza, akaomba msamaha kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

Mwanamke alitazama dari.

“Nilipiga mara sita,” alisema. “Nilidhani mama yako amenichoka. Nimelala hapa siku mbili nikimwekea kinyongo mtu aliyeniokoa.” Akageuza kichwa. “Siwezi kukwambia si kitu, mtoto mzuri. Ilikuwa kitu. Lakini umeniondolea hicho kinyongo, na ningekaa nacho maisha yangu yote.”

Akamnyooshea mkunga mkono, nao wakashikana mikono.

Walipotoka, mama na Kidole walikaa kwenye benchi la saruji nje ya wodi. Watu walipita na vyombo vya chakula na maua. Mama alivua viatu, akaweka miguu juu ya saruji baridi.

“Kosa la Jumamosi,” alisema, “lilikuwa la mtoto mwenye kidole kinachowasha. Lile ningekusamehe kabla hujamaliza kulisema. Lililotaka kuua watu ni la Jumatatu. Nilikuuliza, ukanijibu ‘sijagusa’. Neno moja. Kila siku iliyofuata ulikuwa huhitaji kusema uongo tena, ulihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza ni rahisi. Bibi yako akadanganyika bila wewe kufungua mdomo. Mimi nikadanganyika. Nikaketi kitandani kwangu nikiita kimya cha mgonjwa habari njema.”

Kidole alikuwa akilia, amejifunika uso.

“Wahenga walisema mficha uchi hazai,” mama aliendelea. “Wewe unaisoma shuleni kama methali. Mimi naiona kazini. Mwanamke akiona haya kunionyesha panapouma, siwezi kumsaidia, hata niwe mkunga hodari wa namna gani. Na kosa ni hivyohivyo. Ukinionyesha likiwa bichi, tunalitibu pamoja. Ukilifunika, linaoza, na harufu yake inawafikia wasiohusika.”

Alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akamwambia kwamba kazi ya simu bado ni yake, kuanzia leo hiihii, kwa sababu mtu aliyejua thamani ya mlango ule sasa alikuwa yeye. Ila kwanza palikuwa na jambo la nyumbani la kutengeneza, nalo halikuwa na kitufe. Angekwenda kwa bibi yake, angekaa naye, na angesubiri, hata kama bibi hatasema neno leo wala kesho.

Kidole alipangusa uso kwa kiganja. Mama akavaa viatu vyake, wakainuka, wakaanza kutembea kuelekea nyumbani.